Meli ya Chaki na Orodha Yangu

Katika maandishi haya hamna jina la mtu, wala la meli. Wasomaji wangu wa siku zote ni wachache, na wananijua kwa tabia ya kutaja watu wakubwa niliowahi kukaa nao meza moja, kwa hiyo huenda wakashangaa. Sababu wataiona. Niliwahi kuandika majina ya watu kumi na mmoja kwenye karatasi nzuri, kwa mwandiko mzuri, na tangu wakati huo mwandiko mzuri unanitia wasiwasi, hasa ukiwa wangu.

Ilikuwa Lubumbashi, siku ambazo mji bado uliitwa Elisabethville, katika ile miaka Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa pili wa chuo kikuu. Wanafunzi weusi tulihesabika kwa vidole, nami nilijihesabu mara mbili. Nilivaa tai hata nikienda kumnunulia mama makaa ya kupikia. Nikisalimiwa kwa Kiswahili, nilijibu kwa Kifaransa, kisha nikatafsiri, kwa huruma.

Mji wetu hauna maji ya kujivunia. Mto ulioupa jina, wakati wa kiangazi mtu huuvuka bila kukunja suruali. Ndiyo maana nilicheka mama aliponiambia kwamba jirani yetu katika mtaa wetu, ule ulioitwa Kenya, mzee mmoja mrefu mwenye sauti kama ya mlango wa gereza, alikuwa mkuu wa chama cha mabaharia, na kwamba chama hicho kinatafuta mwandishi.

Mabaharia walikuwa wa kweli. Ujanani walitumika kwenye meli moja ya serikali yenye mizinga, katika ziwa Tanganyika, wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu. Vita vilipokwisha walishuka kusini mmoja mmoja kufuata kazi za moto na chuma: reli, matanuru ya shaba, karakana. Meli ilikatwa vipande ikauzwa kwa uzito. Wao hawakukubali kwamba imekwisha. Yule mzee mrefu ndiye aliyekuwa msimamizi wa mabaharia weusi ndani yake, na miaka arobaini na tano baadaye wote walikuwa bado wanamwita Kapita, na bado walisimama akiingia.

Walikutana kwake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa. Kabla watu hawajaketi, Kapita alipiga magoti kwenye saruji ya ua wake na kuchora meli kwa chaki, kwa ukubwa uliotosha watu kukaa ndani. Pua ilielekea kwenye lango, tezi ikaishia mlangoni pa jiko. Alichora mzinga wa mbele, ngazi, kibanda cha usukani, mahali pa kamba. Kisha kila mtu akaketi pale pale alipokuwa akisimama wakati wa vita. Nafasi za waliokufa ziliachwa wazi, na hakuna aliyethubutu kuweka hata kofia juu yake. Mazungumzo yalianzia hapo, kutoka sehemu hadi sehemu. Mtu wa kamba alikumbuka mambo ya kamba, mtu wa mzinga alikumbuka ya mzinga, na ukitaka kueleza jambo lililotokea upande usiokuwa wako, ulizomewa.

Mimi siku ya kwanza nilifika na viatu vyangu vya kung'aa, nikakata njia ya mkato moja kwa moja kuelekea kiti.

"Weye! Weye muntu wa tai!" Kapita alinguruma. "Uko mu maji!"

"Mumuache," akasema mzee mnene aliyeketi karibu na jiko. "Bantu ba masomo banaelea benyewe."

Huyo alikuwa mpishi wa meli, Mwislamu wa mwambao wa ziwa, mtu ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumchokoza mtu. Walinicheka hadi nikarudi langoni, nikazunguka, nikaingia kwa ngazi ya chaki kama binadamu.

Mmoja tu hakuwa ndani ya meli. Mchochea moto alifanya kazi chini, kwenye tanuru la mvuke, na kwa kuwa Kapita hakuweza kuchora chini ya saruji, alimchorea kisanduku chake pembeni, kando ya pipa la maji. Mzee huyo alikaa humo peke yake, hatua mbili kutoka kwa wenzake, na wao walipotaka kumuuliza jambo walipiga kelele kana kwamba kuna sakafu ya chuma kati yao.

"Chini kule! Moto iko?"

"Iko!" alijibu naye kwa kelele, mikono midomoni. "Lakini bakubwa ba juu banakula tu upepo!"

Alikuwa mzaliwa wa Kasai, mkoa wa jirani. Alichukuliwa kwao akiwa na miaka kama kumi na mitano, akabebeshwa mizigo ya vita, pamoja na meli yenyewe, iliyofikishwa ziwani vipande vipande. Alipenda kusema kwamba yeye peke yake aliibeba meli kabla meli haijambeba yeye, kwa sababu katika safari ile kichwani mwake palikuwa na kreti la misumari yake ya ribiti. Hakurudi Kasai tena. Wazazi wake walikufa bila yeye, ndugu zake hakuwajua sura. Alikuwa na mke, nyumba ya matofali mtaani Katuba, na watu kumi wa kukaa nao Jumapili. Neno moja alilirudia sana, bila huzuni, kama mtu anayekumbusha miadi: yeye atafia hapa, na hawa ndio watakaomzika.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kitabu cha meli. Waliogopa kwamba wakifa wote, chaki itafutika. Walitaka niandike nani alisimama wapi, alifanya nini, alisema nini, na mwisho niwe na orodha ili mmoja akiugua au akihama mtaa wengine wajue pa kumtafuta. Hayo tu. Mtu yeyote mwenye kalamu na akili ya kawaida angeyaweza.

Bahati mbaya mimi nilikuwa na akili ya chuo kikuu. Muhula ule profesa wetu alikuwa akitufundisha namna ya kukusanya habari za watu, na alikuwa amesema kwamba orodha isiyoonyesha asili ya mtu ni orodha ya mboga. Sentensi ile ilinipendeza mno. Nikachora jedwali lenye safu tano: jina, kazi katika meli, mahali pa kukaa katika meli, anwani ya mjini, na asili. Jumapili iliyofuata nikazunguka ua na kalamu, nikiuliza kabila.

"Kabila ya nini?" Kapita akauliza.

"Kwa ajili ya historia, Baba."

"Historia ya meli?"

"Ndiyo."

"Mu meli hatukuwa na kabila. Tulikuwa na kuume na kushoto. Andika ile."

Nikatabasamu. Nilikuwa na tabasamu maalumu kwa ajili ya watu wasiosoma, nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Nikamweleza kwamba sayansi ina taratibu zake. Mpishi akasema aandikwe kabila lake ni masufuria. Mchochea moto, nilipofika kwenye kisanduku chake, alisema: "Andika: chini."

"Baba, hiyo tayari iko safu ya tatu."

"Basi andika mara mbili."

Sikuandika mara mbili. Nyumbani nilijaza safu ya tano mwenyewe, kwa yale niliyoyajua na niliyoyadokezwa na mama. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma, hata profesa. Jedwali lilionekana limepooza, nikalitia rangi. Waliozaliwa katika mkoa niliwaandika kwa wino wa buluu. Aliyezaliwa nje ya mkoa nilimwandika kwa wino mwekundu, mstari mzima, tangu jina hadi asili. Alikuwa mmoja tu. Ukurasa ukapendeza sana. Niliuegemeza kwenye taa ya meza nikautazama.

Haukupita muda, ofisi moja ya mjini ikaagiza kila chama kipeleke majina ya wanachama wake. Kapita aliniita akaniambia, kidole juu: majina kumi na moja, sahihi yake, basi. Nikaandika barua hiyo. Lakini njiani, nikiwa na barua ndani ya mkoba na jedwali ndani ya mkoba huo huo, niliwaza jinsi karani atakavyopokea karatasi kavu yenye majina kumi na moja ya wazee, na jinsi atakavyodhani kwamba imeandikwa na mtu wa kawaida. Nikaambatanisha jedwali.

Karani aliliinua kwenye mwanga. "Nani alitengeneza hii?"

"Mimi."

"Kazi safi, kweli safi. Ungekuja kutusaidia hapa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, kwa sababu basi lisingenipa muda wa kutosha wa kufurahi.

Sitaki kujidai kwamba sikujua hali ya mji. Nilijua. Redio ilikuwa ikisema kwamba wageni warudi kwao, watu wa sokoni walikuwa wakisema hivyo hivyo, na watu wa Kasai, waliokuwa makarani na walimu na wenye maduka, walikuwa wakifunga maduka hayo mchana. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha mtaa mwingine. Wazee wangu niliwaweka kwenye fungu la historia, na historia, kwa nilivyofundishwa, ilikuwa imeshatokea.

Jumapili moja kisanduku kando ya pipa kilikuwa kitupu. Mchochea moto alifika watu wakiwa wanainuka kuondoka. Hakuingia kisandukuni. Alisimama juu ya chaki, juu ya maji, na hakuna aliyemzomea.

"Banafika kwangu," alisema. "Vijana. Banasema nirudie kwetu. Nikabauliza, kwetu ni wapi? Banasema banajua."

"Bamekupiga?" Kapita akauliza.

"Hapana. Bako na karatasi. Banasoma jina yangu, banasoma njia ya nyumba. Kiisha mumoja anacheka, anasema: 'Mzee wa chini, hata mu meli balikuweka chini.'" Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kwa mshangao tu. "Ile balijua namna gani? Ile ni mambo yetu."

Wao walijua kwamba ofisini yalikwenda majina tu. Mimi nilikuwa nimeketi na daftari magotini. Nilitazama chini nikaona kwamba nimeandika maneno yake, neno kwa neno, na tarehe juu. Mkono ulikuwa umeendelea na kazi yake.

"Karatasi ya wino gani?" mpishi akauliza, akitaka kujua ni ya ofisi gani.

"Nyekundu."

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Nimewahi kuandika makala tatu kuhusu ujasiri wa msomi, moja imesifiwa. Siku ile nilifunga kalamu, nikasema kwamba ni jambo la kusikitisha sana.

Ndani ya wiki ile mchochea moto na mkewe walikimbilia kambini, nje kidogo ya mji, kulikokuwa na maelfu ya watu wa Kasai chini ya vibanda vya majani, magunia na mabati, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu. Walichukua godoro na nguo. Nyumba ilibaki. Katika siku zile nyumba isiyo na mtu haikumaliza siku tatu, na mtu aliyepoteza nyumba alikuwa amepoteza sababu ya kurudi. Kapita alikwenda kambini, akamtazama mwenzake kupitia waya, akamwambia asijiandikishe kwenye treni ya Kasai, iliyokuwa ikiwarudisha watu kwao. Akamwambia: nyumba yako tutaishika. Wakichoka wale vijana, utarudi.

Na kweli waliishika, kwa njia waliyoijua. Kapita aliigawa siku kwa zamu za saa nne nne, kama melini, wazee kumi wenye magoti mabovu, kila mmoja na saa zake. Aliyemaliza hakuondoka kabla anayempokea hajaketi kwenye kiti. Majirani waliwaona wazee wakipishana kimya mlangoni, mmoja akitoa taarifa kwa mwingine: hali shwari, kuku wa jirani ameingia, ametoka. Wengine waliwacheka. Mimi niliomba zamu. Sikuomba kwa wema. Nilikuwa silali. Kapita alinipa saa sita mchana hadi saa kumi, kwa kuwa vijana wa mtaani saa hizo hulala, na mtu wa tai hawezi kudhurika.

Siku ya nne walikuja, watatu, saa nane na kitu, jua likiwa kali. Nilikuwa kwenye kiti cha mzee, na kitabu cha Kifaransa nikiwa nimekishika kama ngao. Aliyekuwa mbele alikuwa wa rika langu, shati safi, kalamu mfukoni. Angeweza kuwa darasani kwetu. Mkononi alikuwa na karatasi, safari hii nakala ya mashine, bila rangi yoyote, na hilo, naona aibu kulisema, liliniuma kidogo.

"Nyumba ya nani hii?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyafikiria yote baadaye, kwa miaka. "Yangu," nilisema.

"Yako tangu lini?"

"Tangu yule muzee alitoka."

"Alitoka mwenyewe?"

Aliniangalia tai. Niliona anapima. Nikacheka, na kicheko kilitoka vizuri, cha mtu aliyekaa kwake.

"Mwenyewe? Shiye njo tulimutosha," nilisema. "Tulimutupa inje na bintu byake. Bale bantu, kaka, unabajua. Unamupa kiti, kesho iko mu kitanda yako, kesho kutwa anakuuliza weye ni nani. Miaka mingapi banakula hapa? Hata harufu yake bado iko mu ukuta. Nitapaka rangi mupya."

Wakacheka wote watatu. Nami nikaongeza, kwa sababu walicheka. Nikamwigiza mzee anavyosema, ile lafudhi yake ya Kasai iliyobaki katika maneno machache, ile mikono midomoni, "Moto iko! Moto iko!" Yule wa shati safi alinipiga bega kwa upendo, akatoa kalamu, akakata mstari kwenye karatasi yake. "Nyumba iko na mwenyeji," aliwaambia wenzake. Wakaenda zao.

Nikaketi. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ile ile ya siku ya karani. Nilikuwa nimeiokoa nyumba kwa maneno matupu. Ndipo niliposikia kitu kikisogezwa jikoni.

Mke wa mchochea moto alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuja kwa njia ya mashamba, kama wanawake wa kambini walivyofanya mchana, kuchukua vyombo. Alikuwa ameshika sufuria na mwiko wa ugali. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, aliyenipikia mara nyingi. Sijui alisimama pale tangu neno gani. Sijui, lakini nilijua.

"Mama," nilisema.

"Chumvi iko wapi?" aliniuliza. "Nilibakisha chumvi mu kopo, pale juu."

Niliitafuta. Mzee mmoja wa zamu alikuwa ameihamishia chini ya meza. Nilimpa kwa mikono miwili. Alifungua kopo, akaangalia kiasi kilichobaki, akalifunga, akaliweka ndani ya sufuria na kuifunika na kitambaa. Akasema asante, akatoka alikoingilia.

Jioni majirani walikwisha mwambia Kapita kwamba kijana wa chuo amewarudisha watu watatu peke yake. Jumapili wote walinipigia makofi. Kapita aliniuliza niliwaambia nini.

"Niliwaambia nyumba ina mwenyewe."

"Basi?"

"Basi."

"Mumeona!" akawaambia wengine. "Maneno matatu tu. Bengine bangetoa hotuba."

Akapiga magoti, kwa taabu, mkono mmoja ukishika pipa. Kando ya kibanda cha usukani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama, akachora duara la ukubwa wa kiti. Akasema tangu siku ile mimi ni mtu wa meli. Mpishi akasema sawa, ila nijue kwamba baharia mpya huosha masufuria. Nilipaswa kusema hapo. Nilinyanyua suruali kidogo nisiikunje, nikaketi ndani ya duara.

Siku hiyo hiyo walikwenda kambini, wote kumi, na mimi nyuma yao, kumwambia mchochea moto kwamba nyumba imekatwa kwenye karatasi na anaweza kurudi pole pole, wakiwa pamoja naye barabarani. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo. Alifurahi hadi akasimama na kukaa mara mbili. Aliniita baharia. Alinishika mkono hakuuachia.

Mkewe alisema hapana.

Alisema kwa sauti ya kawaida, akichambua mchele. Alisema wamekwisha jiandikisha. Treni ni Alhamisi.

"Kasai kuko nani?" mzee alimuuliza. "Kule sijui hata njia ya kwenda chooni! Wenzangu bako hapa. Nyumba iko. Unasikia nyumba iko?"

"Nasikia."

"Sasa?"

"Nyumba iko," alisema. "Shiye njo hatuko."

Kapita alijaribu, mpishi alijaribu hata kwa mzaha. Hakuwatazama. Hakunitazama mimi pia, na hilo nililiona kuwa fadhila, kisha nikaona kwamba si fadhila. Mzee alilia waziwazi, kama mtoto, mbele ya wenzake. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na tano, na wote tulijua kwamba hataondoka bila yeye wala kubaki bila yeye.

Alhamisi nilikwenda stesheni mapema. Watu walikuwa wengi kuliko mabehewa, na mizigo mingi kuliko watu. Nilimkuta mke wa mchochea moto amesimama peke yake na mabunda manne, mzee akiwa amekwenda kupanga foleni ya maji. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikuwa nimeamua kuanza na orodha, kwa kuwa kuhusu orodha angalau nilikuwa na sababu za kisomi.

"Mama, ile karatasi. Ile yenye wino mwekundu. Ni mimi…"

Aliinua mkono.

"Baba," aliniambia, kwa lile neno ambalo mama zetu huwaitia watoto wao wa kiume, "usinipe kitu kingine ya kubeba. Niko na mizigo ine."

Aliinama akakaza fundo la bunda moja. Kisha, akiwa bado ameinama, akasema: "Yeye sikumwambia. Na hutamwambia. Iko na umri gani ule? Kule hana mutu. Iko na meli tu, na ninyi ndani yake. Muache aende nayo nzima."

Mzee akarudi na chupa ya maji. Alinikumbatia. Alinipa maagizo juu ya nyumba, dirisha la nyuma lisilofungika, ufunguo unaotaka kuinuliwa kidogo. Treni ilipoondoka aliweka mikono midomoni akapiga kelele kitu, lakini kelele zilikuwa nyingi na sikukisikia. Mkewe alikuwa ameketi upande wa pili.

Nyumba ilikaliwa na fundi cherehani mmoja kabla ya mwezi kwisha. Kapita alisimamisha zamu, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumshikia. Orodha yangu ilibaki huko ilikobaki.

Vita vya Katanga vilipokwisha na posta ikaanza kupita, barua zilikuja. Mwalimu mmoja wa huko Kasai ndiye aliyemwandikia mchochea moto, kwa Kifaransa cha shule, na mimi, mwandishi wa chama, ndiye niliyesoma mbele ya wote, nikitafsiri, nimeketi ndani ya duara langu kwenye saruji. Nilifanya hivyo kwa miaka tisa, hadi mzee huyo alipokufa, akazikwa na watu aliowakuta. Nilishikilia kazi ile kwa bidii ambayo kila mtu aliisifu. Niliwatafuta waliohama mtaa, nilipeleka habari za wagonjwa, niliandika majibu kurasa nne nne. Mama yangu alisema hakujua kama nina moyo wa hivi.

Kila barua ilianza vilevile. Alimsalimu kwanza, kabla ya Kapita, kabla ya wote, "kijana aliyeilinda nyumba yangu kwa mdomo wake, wakati hapakuwa na mtu wa kunisemea." Kisha ndiyo zikafuata salamu za wengine, na mvua, na mihogo, na maswali kuhusu meli.

Mara moja nilijaribu kuruka mstari ule. Nilianza kwa salamu za Kapita, kana kwamba barua ilianzia hapo. Kapita alikuwa karibu kipofu wakati huo, na masikio yake yalikuwa mazuri kupita kiasi.

"Ngoja," alisema. "Leo hakukusalimia weye?"

"Amenisalimu, Baba."

"Basi soma. Usione haya. Ni heshima yako, shiye wote tunapenda kuisikia."

Nikarudi juu ya ukurasa, nikausoma mstari ule, kwa sauti, hadi mwisho. Wakapiga makofi.